Namba 15 akidondosha mpira mnacheka, ila mnajua mpira ulianzia wapi?

Najua wengi mmeingia hapa leo mkitafuta muendelezo wa wale wawili walioacha kufuatana Instagram. Ipo, inakuja, tulieni. Leo naomba mnivumilie niongelee kitu kingine ambacho kimenikaa kooni tangu Jumapili.

Kuna staa mmoja hapa Bongo, simtaji, ana wafuasi wengi kuliko watu wa wilaya yetu nzima. Jumapili usiku kaposti klipu ya raga. Klipu yenyewe fupi, sekunde tisa. Mpira unapigwa juu sana, jamaa wa jezi namba 15 yuko peke yake nyuma, anauangalia, anajipanga, unamgonga kifuani unadondoka, wapinzani wanauokota wanaenda kufunga. Basi, imeisha. Staa akaandika maneno ya kumfananisha yule jamaa na mlinzi wa geti anayesinzia, akaweka na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Naamka Jumatatu komenti maelfu. "Huyo kahongwa." "Mtoeni akauze karanga." "Ndo maana baba alikataa." Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile mechi ilikuwa ya nani na nani.

Mi niliiangalia mara saba. Mara mbili za kwanza nilicheka na mimi, sitaki kujifanya malaika. Mara ya tatu nikaacha kumuangalia jamaa nikaanza kuangalia vitu vingine. Kivuli chake kimelala nyuma yake, maana yake jua lote lilikuwa usoni. Winga wake wa kushoto haonekani kwenye picha kabisa, na ule mpira ulienda upande wa kushoto. Halafu kuna wachezaji watatu wa timu yake wamesimama mita kama ishirini mbele, mikono kiunoni, wanatazama juu kama wanaangalia ndege inapita. Yaani watu wazima watatu wamegeuka mashabiki. Huyo mmoja ndo mnamcheka.

Sasa kuna mtu ataniuliza, we kijana wa Nalasi raga umeijulia wapi? Swali zuri. Huku kwetu ukitoka Songea unakula lami zaidi ya kilomita 250 mpaka Tunduru mjini, halafu ndo unashuka kusini kuelekea upande wa mto Ruvuma na Msumbiji. Huku ni korosho na mpira wa miguu. Raga tunaijua kwa jezi tu. Zile jezi nzito za mitumba zenye kola nyeupe na mistari mipana, wazee wanazivaa kwenda shamba asubuhi kwa sababu ya baridi, hawana habari kuwa mgongoni wamebeba klabu ya watu huko Uingereza. Siku hizi hizohizo jezi mastaa wanazivaa kwenye video za muziki na vijana wa mjini wanazitafuta kwa bei ya ajabu. Bibi yangu anayo moja ya kijani. Hajui kama ni mwanamitindo.

Mi nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa ya kusimulia. Mjomba akanichukua Dar, nikawa nabeba mizigo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la jamaa yake. Jirani pale nilipopanga alikuwa anaondoka kila Jumamosi na begi, anarudi jioni anachechemea lakini anacheka. Siku moja nikamfuata. Raga Tanzania ipo, nyie hamuioni tu. Dar kuna Leopards, Arusha kuna Rhinos, na kuna vikundi vidogovidogo vya watu wanaochangishana hela ya maji na nauli. Kikundi nilichoanzia mimi sikitaji kwa sababu kuna vitu nataka kuvisema.

Siku ya kwanza kocha akaniuliza, "Umeshawahi kucheza?" Nikamjibu hapana. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Haya, kasimame kule nyuma."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa fulbeki. Sikuchaguliwa, niliwekwa. Ni kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, yule asiyejua mpira, au mnene, au mgeni aliyekuja likizo, anapelekwa golini. Nyuma ni mahali pa kumficha mtu. Na hapa ndo penye hoja yangu ya kwanza, kwa makocha wote wa raga wanaofundisha watoto hapa nchini: nyuma hapafichi mtu. Nyuma ndo mahali pekee uwanjani ambapo mtu anaonekana mzima mzima, kuanzia kisigino mpaka utosi, na kosa lake halina wa kulifunika. Ukidondosha mpira katikati ya rundo la watu, refa anapuliza, mnafanya skramu, maisha yanaendelea, nusu ya watazamaji hawajui hata nani kadondosha. Ukidondosha namba 15 ni pointi tano za trai, na kama kuna mtu ana simu mkononi ni klipu.

Mechi yangu ya tatu ya kirafiki nilidondosha. Mpira ulipanda juu, mi nikawa najisemea moyoni nimeudaka, nimeudaka. Ukapita katikati ya mikono ukanigonga goti ukaenda mbele. Mtu alikuwa anarekodi. Jioni ile ile klipu ikaingia kwenye grupu la WhatsApp, na mimi nikapata jina. Pakacha. Kwa sababu navuja. Mnajua wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, basi wenzangu wakaongezea kuwa mchukuzi ni timu pinzani. Ilikuwa inachekesha, kiukweli. Nilicheka nao. Halafu Jumamosi mbili sikwenda, nikamdanganya jirani kuwa duka lina mzigo.

Aliyenirudisha ni kaka mmoja tuliyekuwa tunamuita Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti. Alikuja mpaka dukani. Hakunibembeleza. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Ule mpira unapigwa, wewe ulikuwa umesimama wapi?" Nikamwambia katikati, nyuma. Akasema, "Na winga wako?" Sikujua. Akasema, "Basi njoo Jumamosi nikuoneshe, hujadondosha kwa mikono, umedondosha kwa miguu, dakika nzima kabla."

Hiyo sentensi nimeibeba mpaka leo.

Acheni niwaeleze kidogo, asiyetaka ashuke chini kwenye komenti. Kwenye raga ya watu kumi na tano, watu watatu wa nyuma, yaani winga namba 11, winga namba 14 na wewe 15, mmefungwa kamba moja. Mpira ukienda kulia, winga wa kulia anapanda mbele kukaba. Wewe unasogea kulia nyuma yake. Winga wa kushoto anashuka chini kuziba ulipotoka. Mpira ukirudi kushoto, kamba inavutika upande wa pili. Dakika themanini mnafanya hivyo, na mara nyingi mpira haufiki kwenu kabisa. Mtazamaji anasema huyu namba 15 hana kazi anatembeatembea tu. Kumbe ndo kazi yenyewe. Mpigaji wa timu pinzani anainua macho, anatafuta nafasi tupu, anakuona umesimama palepale alipotaka kupiga, anaghairi. Umeokoa hatari na hakuna aliyekuona. Hiyo klipu haipo. Haiwezi kuwepo, utarekodi nini, mtu kasimama?

Na mambo yamekuwa magumu zaidi tangu ilipokuja ile sheria iliyoanza kujaribiwa kimataifa 2021, kwamba ukipiga mpira kutoka nusu yako ukadunda uwanjani kisha ukatoka nje ndani ya mita 22 za mpinzani, timu yako ndo inarusha. Zamani ukipiga nje namna hiyo unawapa wao mpira. Sasa hivi ni zawadi. Kwa hiyo kona zote mbili za nyuma lazima ziwe na mtu, na mkilegeza kamba kidogo tu mnapigwa huko. Jamaa wa kwenye klipu ya staa, mi nakwambia, winga wake alipanda akasahau kushuka. Yule mshkaji alikimbia kutoka upande mwingine kabisa, akafika amechelewa hatua mbili, jua usoni, na kwa mbali anasikia vishindo vya watu wanaomjia. Kwenye hali hiyo hata kufika ni uanaume.

Kudaka kwenyewe nako kuna shule yake. Mwalimu alinifundisha kwa maembe mabichi mwanzoni, maana mpira tulikuwa nao mmoja na wakubwa wanautumia. Unapaza sauti kwanza, "Wangu!", mapema, ili mwenzio asije mkagongana vichwa. Macho hayatoki kwenye mpira hata ukisikia mtu anakuja kama lori. Mikono juu usawa wa macho, viwiko vimekaribiana, ili ukipita viganjani ukutane na kifua na mikono iufunge kama unapokea mtoto mchanga. Na mwili ugeuze ubavu. Hili la ubavu nilichelewa kulielewa. Ukisimama kifua mbele, mpira ukikuponyoka unaenda mbele, na hiyo ni faulo, skramu ya wapinzani. Ukisimama ubavu ukikuponyoka unaenda nyuma au pembeni, mchezo unaendelea, una nafasi ya kuurukia. Yaani namna nzuri ya kudaka ni ile iliyokwisha jiandaa kudondosha. Ukiruka, goti moja mbele. Na ukishakuwa hewani hakuna anayeruhusiwa kukugusa mpaka mguu ukanyage chini, anayekugusa anaweza kutolewa kwa kadi. Kwa hiyo anayeogopa kuruka ndiye anayeumia zaidi.

Kitu kingine, usiache ule mpira udunde. Mpira wa raga ni kama embe dodo, ukidondoka hujui unaelekea wapi. Mara unakuja mikononi kama umeitwa, mara unaruka nyuma ya kichwa chako unaenda kwa adui. Niliwahi kuuacha udunde mara moja nikidhani nina muda. Hiyo hadithi naiacha.

Halafu kuna kumkaba mtu wa mwisho, wewe na yeye tu, nyuma yako hakuna kitu. Hapo wengi tunakosea tunamfuata moja kwa moja. Mwalimu anasema usimfuate, msindikize. Mpe upande mmoja tu wa kwenda, upande wa mstari wa nje, umfinye huko, maana mstari hauchoki na haupigwi chenga. Ukimfikia, chini ya mabega, na kichwa chako kikae nyuma au pembeni ya mwili wake, kisikae mbele ya magoti. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa wadogo zangu mnaotaka kujaribu baada ya kuangalia video: kichwa kikigongwa ukaona nyota, umemaliza mechi, utoke, usijifanye mwamba. Ubongo hauna duka la vipuri.

Turudi kwenye klipu. Klipu maarufu kuliko zote duniani za raga ni ya fulbeki anayeaibishwa. Tarehe 18 Juni 1995, Cape Town, nusu fainali ya Kombe la Dunia, New Zealand na Uingereza. Jonah Lomu, jitu la miaka ishirini, linapewa mpira kushoto, linawapita wawili, linabaki na mtu mmoja, fulbeki wa Uingereza anaitwa Mike Catt. Lomu hakumpiga chenga. Alimkanyaga akapita juu yake kama mtu anayevuka kizingiti. Alifunga trai nne siku hiyo, mechi ikaisha 45 kwa 29. Mpaka leo, miaka thelathini imepita, ukitaja jina la Catt watu wanaanza na ile klipu.

Ila klipu haikwambii kwamba Mike Catt huyohuyo alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia 2003, na fainali aliingia uwanjani. Wala haikwambii kwamba 2007, akiwa na miaka 36, alianza kwenye fainali nyingine ya Kombe la Dunia, ingawa walifungwa na Afrika Kusini. Mtu kakanyagwa mbele ya dunia nzima akarudi akacheza miaka kumi na mbili mingine kwenye kiwango cha juu kabisa. Hiyo nayo ingekuwa klipu, ila ni ndefu, haitoshi kwenye sekunde tisa.

Au chukua ya karibuni. Robo fainali 2023, Paris, Afrika Kusini na Ufaransa, uwanja wao, mashabiki wao, moto unawaka. Mpira unapigwa juu unaingia ndani ya mita 22 za Afrika Kusini. Namba 15 wao, Damian Willemse, anaudaka safi na kupaza sauti ya "maki". Ukidaka safi hivyo ndani ya 22 yako mchezo unasimama na unapewa mpira wa bure. Mtu yeyote anategemea aupige mbali apumue. Jamaa akaashiria anataka skramu! Ndani ya eneo lake mwenyewe! Alijua wenzake wa mbele wana nguvu kuliko wale. Wakashinda 29 kwa 28, wiki mbili baadaye wakachukua kombe kwa 12 kwa 11 dhidi ya New Zealand. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, ukipata mpira wa bure huruhusiwi tena kuchagua skramu. Mnanielewa? Mtu aliyesimama kule nyuma peke yake aliona kitu ambacho wengine wote hawajakiona. Huyo ndo aina ya mtu anayetakiwa kukaa pale. Makocha wetu wanaweka mgeni.

Na msiniambie hayo ni ya Wazungu na Wasauzi. Hapo jirani tu, Wakenya wamewahi kuwapiga Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba Singapore, Aprili 2016. Waganda walichukua Kombe la Afrika 2007 hukohuko Madagaska kwa wenyewe. Na mwaka 2025 ni Kampala, hapo ng'ambo ya ziwa, ambapo Zimbabwe waliifunga Namibia 30 kwa 28 wakakata tiketi ya Kombe la Dunia ambalo hawajacheza tangu 1991. Watoto wa majirani zetu wanajifunza kusimama namba 15 wakiwa shule. Sisi tunajifunza kucheka.

Najua mtakachosema. "Kaka, huo ni utani tu, acha kuwa laini." Haya, tuongee utani. Mi natoka kusini, utani nimeukuta nyumbani. Mtani wangu akija msibani kwetu anaweza kulala palepale nilipolala mimi, akamuiga marehemu anavyotembea, akanidai hela ya kaburi mbele za watu na mimi nikatoa. Hajawahi kuniudhi. Kwa sababu gani? Kwa sababu ni yeye huyohuyo aliyeshika jembe akachimba, ni yeye atakayebaki kuosha masufuria watu wakishaondoka. Utani wa kwetu una kazi yake nyuma. Yule aliyeniita Pakacha kwenye grupu, baadaye nilipoteguka bega ndiye aliyenipeleka hospitali kwa bajaji na kulipa. Aniite Pakacha mpaka nife, ana haki. Staa mwenye wafuasi lukuki, amemsaidia nini yule jamaa wa namba 15? Anamjua jina? Ule ni mtaji, msiuite utani. Kachukua dakika mbaya ya mtu asiye na jina akaiuza kwa likes.

Hapo nilikuwa nimeshaandika na kichwa cha habari kikali kabisa cha kumchana staa, na picha nimeshaandaa. Halafu nikakumbuka kitu, nikafunga simu nikaenda kukaa nje.

Ni hivi. Nimerudi Nalasi tangu msimu wa korosho uliopita. Nina mpira mmoja wa raga, alinipa Mwalimu siku naondoka. Nikaanza na watoto wa kwetu, wadogo zangu na rafiki zao, baada ya alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa miguu kabla wakubwa hawajaja. Walikuwa kama tisa hivi. Mmoja yuko kidato cha pili, mwembamba, mkimya, ila ana macho. Anajua mpira unakoenda kabla haujapigwa. Nikamuweka namba 15, na safari hii nilimchagua, sikumficha. Siku hiyo nilikuwa narekodi, nilitaka kitu cha kuweka kwenye ukurasa wa blogu. Nikapiga mpira juu. Dogo akakimbia, akapaza sauti, akaruka, kila kitu sawa kabisa, mpira ukampita mikononi ukampiga usoni akakaa chini. Watoto wote wakaanguka kwa kicheko. Na mimi.

Niliiposti. Nikaweka muziki wa taarabu kwa nyuma na maandishi "kaitafuta busu". Wadau wa siku nyingi mnaikumbuka, ilikuwa moja ya video zetu zilizoangaliwa sana mwezi ule. Nilifurahi na namba zilivyopanda. Shuleni kwao simu za walimu nazo zina intaneti. Dogo hakuja siku iliyofuata. Wala iliyofuata. Mdogo wangu wa kike akaniambia huko shule wanamuita Busu, mpaka watoto wa darasa la nne wanaompita njiani. Miezi miwili hii nimekuwa najiambia ana shughuli za shamba.

Yaani nilimfanyia kilekile, na mimi namjua jina, namjua mama yake, nakula kwao. Mimi niliyewahi kudanganya kuna mzigo dukani. Staa ana kisingizio cha kutokujua raga. Mi nilikuwa najua kabisa mpira ule nilioupiga ulikuwa wa juu kupita umri wake, na nilimsimamisha akitazama jua kwa sababu kwa upande ule picha inatoka vizuri.

Hiyo video nimeifuta Jumanne asubuhi. Aliyeihifadhi naomba aifute pia, na aliyeirusha kwenye status zake anajua cha kufanya. Kuhusu staa, jina lake mtabaki mnakisia kwenye komenti, mi sithibitishi.

Jana nilienda kwao jioni. Nilimsalimia mama yake shikamoo, nikakaa kwenye mkeka, tukaongea mambo ya bei ya korosho kwanza kama inavyotakiwa. Dogo akatoka ndani ananisalimia kwa heshima zote, na hiyo heshima ndo iliniuma zaidi. Nikamuomba radhi mbele ya mama yake. Mama akauliza, "Kwani mlimfanya nini?" Kumbe hakuwahi kumwambia. Nikaeleza mwenyewe yote. Mama akanyamaza muda mrefu, kisha akasema nisubiri uji.

Dogo hakusema amenisamehe. Alisema atakuja Jumamosi kwa sharti. Namba 15 nasimama mimi, upande uleule wenye jua. Anayepiga mpira ni yeye, mara kumi, juu atakavyo. Simu yangu anashika mdogo wangu wa kike, na hakuna kukata kipande hata kimoja, yote kumi inapandishwa kwenye blogu, na wimbo anachagua yeye.

Nimekubali. Tangu jana jioni bega langu la kulia limeanza kuuma lenyewe na Jumamosi haijafika. Klipu mtaikuta hapa Jumatatu.